Kaseti ya Majaribio

Fundi redio huyu walimwita Sikio, na jina likamkaa. Hujamaliza kumweleza ugonjwa wa redio yako, yeye keshaitikisa mara moja karibu na shavu. "Waya wa spika umeachia. Njoo kesho." Ukija kesho, inaimba. Ila ubishi wake, jamani! Uthubutu kumwambia redio ilikuwa nzima kabla hujamletea, mtakesha mnabishana, na wewe ndiye utakayeomba radhi.

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake: meza moja, taa ya kuinamia, makopo ya skrubu, na redio za watu waliosahau kuzifuata, zimepangwa ukutani mpaka zinakaribia dari. Pembeni palikuwa na stuli ya mkewe. Mama yule alikuwa akimenya waya kwa meno, jambo alilokatazwa kila siku ya Mungu, na midomo ikipata nafasi tu, anawasema wateja. Sikio alijifanya hasikii. Mtu anayeitwa Sikio!

Sasa shikeni hili, maana ndilo lililomponza. Kila redio kaseti iliyopona, Sikio aliipima kwa namna ile ile. Anatia kaseti yake ya majaribio, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile chekundu cha kurekodi na kile cha kucheza, anasema "moja, mbili, tatu," halafu anaiacha sekunde chache inase chochote kilichomo chumbani. Mashine inayofuata inaanzia pale iliyotangulia ilipoishia. Kidogo kidogo, miaka kumi na tisa ikajikusanya mle ndani: mluzi wa kifaa chake cha kupimia, mlango, mteja anayelalamika, na mkewe. "We Sikio, zima hiyo, chai inapoa." Mkewe akihesabu skrubu na kukosea. Mkewe akicheka mpaka anakohoa.

Mwaka juzi mama yule alifariki, na Sikio akabaki kama nyumba iliyohamwa. Simu ya marehemu, iliyokuwa na ujumbe wake wa sauti, ilikuwa imeingia maji. Fundi mzima, aliihangaikia wiki mbili, ikamshinda. Kwa hiyo sauti ya mkewe ilibaki sehemu moja tu duniani, upande wa kwanza wa ile kaseti. Upande wa pili ulikuwa wa baada ya msiba: mluzi, kiti, na "moja, mbili, tatu" za mtu mmoja.

Bintiye, anayechapa barua na vyeti kwenye stesheneri ya mtaa wa pili, ndiye aliyeleta habari za tamasha la muziki wa kielektroniki na sanaa. Walikuwa wanapokea kazi za watu.

"Baba, hawa ndio wanatafuta vitu kama vya kwako."

"Vitu gani? Haya makelele?"

"Ndiyo, haya makelele. Wao wanaita sanaa."

"Kumbe nimekuwa msanii miaka yote hii, na hakuna aliyeniambia!"

Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Wakatengeneza kionjo cha dakika mbili kwenye kompyuta ya binti, kwa mluzi wa kile kifaa waliourekodi upya, mluzi juu ya mluzi. Binti alitaka waingize walau neno moja la mama.

"Hapana," Sikio akasema. "Mama yako si kionjo."

Binti akashauri basi wainakili kaseti yote mapema, wawe na akiba. Baba mtu akakataa katakata. Utepe umechoka, alisema, hautavumilia kuzungushwa ovyo. Utapita mara moja tu, kwenye mashine nzuri. Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa ameona kaseti za watu zikitafunwa mbele ya macho yao.

Jibu la tamasha likaja: kionjo kimevuka mchujo. Watume kazi kamili kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa. Kazi zitakazopita zitachezwa kwenye ukumbi wa giza, spika zimewazunguka wasikilizaji pande zote.

"Spika kubwa kiasi gani?" Sikio aliuliza.

"Zinamzidi mtu urefu, baba."

Kisha akasema taratibu, "Basi watu watamsikia." Hakutaka tuzo wala sifa. Alichotaka ni kuketi kwenye giza lile na kumsikia mkewe akimwita kwenye chai, mkubwa, mzima, kama yumo humo ndani. Walipojaza fomu, palikuwa na swali: nani anasikika katika kazi hii? Aliandika mwenyewe kwa kidole kimoja: Mke wangu.

Alichagua mashine bora kuliko zote ukutani. Akaibadilisha mkanda, akasafisha kwa spiriti mara tatu kile kichwa kinachosoma utepe. Ijumaa asubuhi mashine ilikuwa imepona. Akachomeka waya wa kwenda kwenye kompyuta, ambayo binti alimwachia ikiwa tayari inarekodi, akaizima spika ili sauti ipite kwenye waya peke yake, akarudisha utepe mwanzo. Akabonyeza.

Vitufe viwili.

Miaka kumi na tisa mikono ile iliitia kaseti ile kwenye mashine iliyopona na kubonyeza vitufe viwili, na hakuna aliyeiuliza kitu. Hata "moja, mbili, tatu" hakusema, kwa heshima. Laiti angesema, angeshtuka! Aliketi kwenye stuli ya mkewe, mikono mapajani, akiangalia utepe ukizunguka. Mteja alibisha hodi, akainuliwa kidole asubiri. Dakika arobaini na tano, fundi wetu hakukohoa.

Binti alifika mchana, akafungua kompyuta. "Baba, hapa hamna kitu. Mstari umelala tu."

"Waya huo. Uchezeshe."

Binti akauchezesha waya, akabadilisha tundu. Bado. Basi Sikio akawasha spika, akarudisha utepe, akacheza. Zikatoka pumzi za mtu. Stuli ikalia. Kwa mbali hodi, mara mbili, kisha pumzi tena.

Alizitambua pumzi zile kabla ya bintiye, maana lile sikio halikuwahi kumdanganya. Akapeleka mbele, akacheza: pumzi. Mbele tena: pumzi. Akafika mwisho wa upande, akarudi katikati, akarudi mwanzo, na mwanamke hayumo.

Binti akaitoa kaseti na kuigeuza. Mgongoni mwa kila kaseti kuna kijino kidogo cha plastiki kwa kila upande. Ukikivunja, hakuna mashine itakayorekodi juu ya upande huo. Tangu binti yu mtoto alimsikia baba yake akiwagombeza wateja: "Unaipenda kaseti yako? Vunja kijino!" Sasa alikigusa kwa ukucha.

"Baba, hiki hukukivunja?"

"Ni ya majaribio," Sikio akasema. "Ya majaribio haivunjwi." Akaufunika uso kwa kitambaa chenye harufu ya spiriti, akalia kwa kwikwi mpaka skrubu zikatikisika kwenye makopo.

Saa tisa na nusu binti alikuwa bado ameshika kompyuta, macho mekundu. Alitafuta cha kumwambia, akapata kile alichoweza.

"Tutume hii hii, baba. Pumzi zako, pale ulipokaa. Wale watu wanapenda vitu kama hivyo. Labda wataipokea."

Sikio alisogea akaitazama fomu. Lile jibu lake lilikuwa bado limekaa pale. Alilifuta herufi moja moja kutoka nyuma, mpaka nafasi ikabaki nyeupe. Binti akabonyeza kutuma. Maandishi mekundu yakatokea: nafasi hii lazima ijazwe.

"Andika, baba. Andika ni wewe."

Aliweka kidole juu ya vitufe, kikakaa. Saa ya ukutani ilikuwa ikienda, na Sikio, aliyekuwa akisikia waya umeachia ndani ya redio iliyofungwa, aliisikia kila sekunde.

"Mimi nikae gizani na watu wote wale," alisema, "nijisikilize nikiwa peke yangu? Hiyo si naisikia hapa kila siku, mwanangu?"

Saa kumi ilipofika, fomu ikajifunga yenyewe.