Marehemu wa Mazoezi

Wifi yangu tunamwita Marehemu, na yuko hai, tena ana mdomo kunishinda mimi. Ni fundi cherehani. Kaptura za shule za mtaa mzima zimepita mikononi mwake. Jina hilo kalipata kwenye kituo cha afya cha mpakani. Wauguzi wa kwetu na wa nchi jirani hukutana pale mara kwa mara kufanya mazoezi ya dharura, ili ugonjwa au ajali isiwakute wamezubaa. Wanahitaji wagonjwa wa kuigiza, na wifi anajua kufa jamani! Anakoroma, anageuza macho, anakata roho mpaka wageni wanalengwa na machozi. Mimi ni ndugu wa mgonjwa: napiga mayowe, nawavuta wauguzi mashati, ili wazoee kufanya kazi huku wamevurugwa.

Siku hiyo tuliigiza ajali ya basi. Tukapakwa rangi nyekundu, tukalazwa kwenye nyasi karibu na kizuizi cha barabara pale mpakani. Kabla filimbi haijalia, wifi akajipiga kofi shingoni.

"Nyuki," akasema. "Mshenzi huyu."

Nikacheka. Filimbi ikalia, nikaanza mayowe yangu ya kila siku. Nilipomgeukia, midomo ilikuwa imevimba, macho yamefumbika, na pumzi inakwaruza kooni. Akanishika mkono kwa nguvu. Wifi hajawahi kunishika mkono kwenye maigizo.

"Anakufa!" nikapiga kelele. "Anakufa kweli, haki ya Mungu!"

Mkufunzi, msimamizi wa mazoezi, akatabasamu. "Safi sana, mama. Endelea hivyo hivyo."

"We baba, una akili kweli? Kaumwa na nyuki!"

"Mnaona?" akawaambia wanafunzi wake. "Ndugu ameanza kuchanganya habari. Ajali ni ya basi, yeye anataja nyuki."

Wakacheka. Mmoja akausifu hata ule uvimbe, eti aliyempaka rangi leo anajua kazi. Nikawatukana matusi ambayo mama hajui kama nayajua, na kadiri nilivyotukana ndivyo walivyonisifu. Nani angeniamini? Miaka yote nimelia uongo palepale, kwa sauti ileile.

Ndipo akaja mwanamke mmoja mbio, begi bado begani. Alikuwa muuguzi wa upande wa pili. Foleni ya kugongewa pasipoti ilimchelewesha, akakosa maelezo ya asubuhi. Hakuna aliyemwambia kwamba sisi ni waigizaji. Akapiga magoti.

"Amepatwa na nini, dada?"

"Nyuki!"

Hakuuliza mara mbili. Akafungua sanduku la dawa lililokuwa karibu. Chupa zote tupu, za mazoezi. Akalisukuma kando, akainama akapita chini ya kizuizi, akakimbilia gari lao la wagonjwa huku askari akimfokea arudi.

Mkono wa wifi ukalegea ndani ya wangu, nami nikanyamaza. Mkufunzi alipoona nimenyamaza, uso ukambadilika.

"Mama?" akaita. "Mama, vipi?"

Muuguzi alikuwa amesharudi na sindano. Akamchoma wifi pajani, juu ya nguo, akamwinua miguu, akampa Mkufunzi amri kana kwamba ni mtoto wake, naye akatii. Tukangoja. Sijawahi kungoja vile maishani mwangu. Mwisho wifi akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akanitafuta kwa jicho moja.

"Mbona hulii?" akasema kwa sauti ya kukwama. "Hunipendi?"

Hapo nikalia, jamani, mpaka yule muuguzi akanishika bega.

Mazoezi yaliyofuata wifi akarudi, mbishi huyo, japo kaka yake, mume wangu, alimkataza. Akaanguka, akakoroma, akageuza macho. Mkufunzi akanitazama, akingoja mayowe. Hayakutoka. Nilipiga magoti pembeni ya wifi, nikamshika mkono.

"Nifinye," nikamnong'oneza.

Akanifinya.

"Tena."