Pilipili ya Bologna

Siku hizi ukimwomba Truphosa mbadilishane zamu kwa sababu umefiwa, atakuuliza jina la marehemu, mahali anapozikwa, na namba ya simu ya mtu wa huko. Wauguzi wachanga pale kazini kwake, nyumba ya wazee ya huku ughaibuni, mjini Garland, wanasema ana roho ya jiwe. Mimi nimekaa mlango wa pili kutoka kwake tangu mwaka 1997, na ninawaambia hawamjui. Mama huyu alikuwa mtu wa kukuvulia sweta yake wakati wa baridi, kisha akabaki anatetemeka huku akikuapia kwamba anasikia joto.

Mwezi wa tatu mwaka 2002 alikuwa na likizo ya wiki mbili, imeshapitishwa. Mama yake, kule Vihiga, alikuwa amevimba miguu na anahema akiwa amekaa tu, na Truphosa ni muuguzi, alijua maana yake. Sanduku lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni. Siku tatu kabla ya safari akaja Dorothea, mwenzake wa zamu na rafiki yake wa kanisani, akapiga magoti kwenye zulia akilia.

"Mama Whitney, baba amekufa. Wanazika Machakos Saturday. Na supervisor amekataa wawili tuwe off pamoja."

Truphosa akampa likizo yake, na mkate wa ndizi wa kula njiani. Tiketi yake mwenyewe akaisogeza hadi mwezi wa nne. Dorothea alirudi na pakiti mbili za majani ya chai, zawadi ya nyumbani. Na siku sita kabla Truphosa hajapanda ndege, mama yake akafariki. Alikwenda kuzika tu. Hakumlaumu mtu, na kila nilipogusia jambo hilo alinikatiza: Dorothea angefanya nini, na baba yake yuko mochari?

Mwaka 2005 Truphosa akatimiza miaka hamsini, na Dorothea akasema lazima wasafiri, wawili tu, wakale maisha kidogo. Akachagua Bologna, Italia. Nilimuuliza kwa nini si Roma kama watu wengine. Akasema amesoma habari zake kwenye gazeti moja saluni, nami nikaamini.

Haya mengine Truphosa alinisimulia jikoni kwake aliporudi. Anasema siku ile ilianza vizuri sana, na ndiyo inayomuuma. Mvua ilinyesha asubuhi nzima wasilowe hata nywele, maana barabara za mji ule zina vibaraza vyenye matao, unatembea chini ya paa kutoka duka hadi duka. Walikula aiskrimu saa nne asubuhi bila kuona haya. Uwanjani walikuta sanamu ya mungu wa bahari, jibaba kubwa liko uchi wa mnyama. Truphosa, ambaye ni shemasi, akaipiga picha kuanzia kifuani kwenda juu. Alipanda mnara wa ngazi karibu mia tano peke yake, Dorothea akabaki chini akilalamikia magoti. Kutoka hapo walizurura sokoni wakinusa jibini. Kila kona Dorothea alijua pa kukata, wala hakufungua ramani. Truphosa alidhani ni werevu wake tu.

Saa nane mchana miguu ilimwaka. Akaona mgahawa mdogo wenye mapazia ya kijani.

"Tuingie hapa."

"Hapa pamejaa," Dorothea akasema. "Mbele kuna pazuri."

"Meza nne ziko wazi, Dorothea. Mimi sina miguu tena."

Wakaingia. Mhudumu wa makamo akaja, akamtazama Dorothea, uso ukamchangamka. Akarudi jikoni kabla hata hawajaagiza, akaja na kisahani cha pilipili nyekundu iliyokatwakatwa, akakiweka mbele yake kwa madaha.

"Pilipili, signora."

Alilitamka kama sisi. Kila mgahawa wa Garland unamjua Dorothea kwa hilo: hali chakula bila pilipili, na hakubali aletewe kwa jina la Kiingereza. Amewafundisha wahudumu wote, Mmeksiko na Mchina, mpaka wanalijua neno. Truphosa akakitazama kile kisahani.

Mhudumu akaendelea kwa Kiingereza cha kuungaunga. Signora, yaani Dorothea, alikula pale kila siku, wiki mbili nzima, yeye na yule bwana mrefu. Binti yake mwenyewe, huyo mhudumu, alizaliwa wiki ile ile, na signora akamletea soksi. Akatoa picha ya mtoto kwenye pochi, akawaonyesha kwa furaha. Jumapili iliyopita alikuwa ametimiza miaka mitatu.

Ulikuwa mwezi wa tatu. Hesabu hiyo haikumhitaji mtu mwenye digrii. Truphosa akasubiri mhudumu aondoke.

"Baba yako alikufa lini?"

"Alikufa kweli, Mama Whitney."

"Nimeuliza lini."

"Ninety-six."

Mkate ukaletwa, hakuna aliyeugusa.

"Na ile chai?"

"Kuna duka la Wahindi Irving, si mbali na Garland." Dorothea alikuwa anakunja kitambaa cha meza. "Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na mtu, na hiyo ndiyo time pekee alikuwa free. Sikujua mama yako ni mgonjwa hivyo."

"Sanduku langu lilikuwa mlangoni. Ulipiga magoti kando yake."

Truphosa anasema alikuwa na hasira, lakini zaidi ya hasira alijiona mjinga, mjinga wa miaka mitatu, anayekunywa chai ya Irving kila asubuhi akisema hakuna chai kama ya nyumbani. Dorothea akaanza kuomba msamaha. Truphosa akamnyooshea kiganja anyamaze.

"Siku ile ulipotoka kwangu nilimpigia mama. Nikamwambia siji, kuna mwenzangu amefiwa na baba. Unajua alisemaje?"

Dorothea akatikisa kichwa.

"Alisema nikuache uende, yeye atanisubiri. Halafu akaniambia nisikate simu, akaanza kumwombea baba yako. Alimwombea mpaka kadi ya simu ikaisha."