Bibi alipewa transfer ya Nakuru nikakataa kumfuata: vile tulihama Kianda

Wakuu, niaje.

Juzi kuna mwenzetu hapa aliuliza kama atoke Nairobi na familia aende kuishi town ndogo. Nikaona majibu mengi ya watu ambao hawajawahi kuhama hata ploti.

Nikasema wacha nitoe yangu. Ni ya kitambo, katikati ya miaka ya tisini, na nitaisema vile ilivyokuwa, pamoja na zile sehemu ambazo mimi ndiye nilikuwa mjinga.

Uzi ni mrefu kidogo. Tafuteni chai.

Mimi ni fundi wa nguo, Mkamba wa Machakos. Wakati huo tulikuwa tunakaa Kianda, hapo Nairobi, vyumba viwili vya mabati, si mbali na Olympic. Mimi, bibi yangu Adhiambo, na watoto watatu. Mwende alikuwa na miaka kumi, Musyoka saba, na Achieng alikuwa bado ananyonya.

Kama mnashangaa hayo majina, bibi yangu ni Mjaluo. Watoto wawili wa kwanza walipata majina ya kwetu. Wa tatu alipozaliwa Adhiambo akasema sasa ni zamu yake, na hapo hakukuwa na mjadala.

Adhiambo alikuwa nesi wa serikali. Mimi nilikuwa nashona Kawangware.

Kila asubuhi natoka Kianda kwa miguu, natokea Ngong Road, nakata Dagoretti Corner hadi kibanda cha kaka yangu mkubwa, Kioko. Huyu Kioko ndiye alinitoa nyumbani nikiwa kijana. Alinifundisha kukata kitambaa, akanitafutia cherehani ya kwanza. Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo, kinatosha cherehani mbili tu, yake na yangu, tumepeana mgongo. Miaka minane tulikaa hivyo.

Bibi yake, Syombua, alikuwa amebaki Machakos na watoto, kama familia nyingi za siku hizo.

Kazi yetu kubwa ilikuwa yunifomu za shule. Mwezi wa kwanza tulikuwa hatupati nafasi hata ya kujikuna.

Sasa, siku moja Adhiambo anarudi kutoka kazini, anaweka bahasha mezani, anaanza kumenya viazi. Nikafungua. Transfer. Nakuru. Wiki tatu awe ameripoti.

Nikamuuliza, "Na umewaambia nini?"

"Niwaambie nini, Baba Mwende? Ni serikali. Unaenda ama unaacha kazi."

"Basi uache."

Alimaliza kumenya vile viazi vyote, akaosha mikono, ndipo akasema, "Nimesomea hii kazi. Niulize kitu kingine."

Wakuu, kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi kwa hii ndoa, lakini hiyo sikuwa nimejiandaa. Miaka hiyo mwanaume ndiye alikuwa anapata transfer, bibi anafunga vyombo. Nilikuwa sijaona mwanaume anafunga vyombo kumfuata bibi.

Kesho yake nikamwambia Kioko. Akasimamisha cherehani, akageuka, na maneno aliyoniambia nayakumbuka hadi leo.

"Utaenda kuitwa bwana ya nesi. Hapa una jina. Huko utakuwa nani? Kaa hapa."

Pale kwa ploti nako habari ilishafika. Jamaa wawili tuliokuwa tunacheza nao draft Jumapili wakaanza kuniuliza kama Nakuru nitapewa leso na ndoo. Nilicheka nao, lakini iliniingia.

Tena kulikuwa na wasiwasi wa siasa na vita vya makabila. Watu walikuwa wanasema Rift Valley, ambako ndiko Nakuru iko, si mahali pa kupeleka nyumba yenye kabila mbili. Nilishika hiyo sababu kwa nguvu kwa sababu ilikuwa inasikika vizuri kuliko ile ya kweli.

Nikamwambia Adhiambo: nenda na Achieng, mimi nitabaki na hawa wawili, tuone.

"Tuone nini?" akauliza.

Akaenda.

Miezi minne wakuu.

Sitawadanganya, nilidhani kazi ya nyumba ni kuchemsha maji. Mara ya kwanza nilipika ugali hadi Musyoka akauliza kama ni ya kula ama ya kuziba ukuta. Nywele za Mwende zilinishinda kabisa. Nashona kola safi kabisa, lakini kusuka matuta manne? Akawa anasukwa na mama jirani, halafu huyo mama ananiangalia kwa huruma ambayo sikuipenda.

Kazini nako nilianza kuchelewa kufika na kutoka mapema. Kioko hakulalamika. Alikuwa anamaliza nguo zangu.

Adhiambo alikuwa anaandika barua kila wiki mbili. Achieng ameanza kusimama. Achieng amesema "mama". Nasoma hizo barua nikiwa nimekaa kwa kitanda, nazikunja, narudisha chini ya godoro.

Kilichonivunja ni Musyoka. Jumamosi moja nilikuwa nafua nguo nje, akaja akasimama tu hapo.

"Baba, mama alifanya nini?"

"Alifanya nini vipi?"

"Watoto wa kwa kina Brayo wanasema ulimfukuza."

Nikamwambia hapana, mama ako kazini. Akauliza, "Basi mbona sisi hatuko huko?"

Mtoto wa miaka saba. Nilibaki na shati imejaa sabuni mkononi.

Hapo nikaamua naenda Nakuru. Lakini msinisifu bado. Nilikuwa naenda kumrudisha. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote: watoto wanateseka, watu wanaongea, andika barua uache hiyo kazi, nitashona mara mbili. Nikawaacha watoto kwa mama jirani, nikaondoka asubuhi.

Nilifika Langa Langa, mtaa wa Nakuru alikokuwa anakaa Adhiambo, kama saa tano. Ploti ya mawe, mfereji uko ndani ya uwanja, na vumbi jeupe kila mahali, hadi kwa nyaya za kuanika nguo. Kabla sijauliza mlango ni upi, mama mmoja mnene alitoka na sufuria akanitazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Wewe ndiye fundi?"

Nikasema mimi ni bwana ya Adhiambo.

"Ndiyo, fundi. Karibu! Tumekungoja sana. Mimi ni Mama Chebet. Yangu ni ile ya kijani, tafadhali anza na hiyo, msichana anafungua shule wiki ijayo."

Sikuelewa hata neno moja.

Adhiambo alitoka na Achieng mgongoni. Mtoto alinitazama kama mtu wa kuuza bima. Tukaingia ndani. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kikubwa, na kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba vitu vyote vilikuwa vimesukumwa upande mmoja. Kitanda, meza, vyombo, vyote vimebanana. Upande wa dirisha, pale kwenye mwangaza mzuri, hakukuwa na kitu. Ni sakafu tu iliyofagiwa.

Na kando ya ukuta, vifurushi saba vya vitambaa vimefungwa na gazeti, kila kimoja kina jina.

Nikakasirika. Nikasema, "Kumbe umewaambia watu nakuja? Nani alikwambia nakuja?"

"Sikuwaambia unakuja. Niliwaambia nina bwana fundi. Wakaleta wenyewe."

"Kwani hapa hakuna mafundi?"

"Wako. Mama Chebet anasema wanapinda kola."

Nikamwambia nimekuja kumrudisha nyumbani. Nikatoa yale maneno yote niliyopanga, mpaka ya mwisho. Alinisikiliza. Hakupiga kelele hata kidogo. Akamtoa Achieng mgongoni, akamweka chini.

"Sawa," akasema. "Basi tuchukue hivi vifurushi tuwarudishie wenyewe sasa hivi, mlango kwa mlango. Mimi nitabeba. Wewe ndiye utawaeleza kwa nini hutakuja. Anza na Mama Chebet."

Na akainama kweli, akaanza kuviokota.

Nikajaribu kutunga kichwani kile nitamwambia yule mama. Nitasema nini? Siasa? Yeye mwenyewe alikuwa anakaa hapo na majirani wa kila kabila, wanaazimana chumvi. Nitasema kazi? Kazi ndiyo hiyo mikononi mwa bibi yangu. Ilibaki ile moja tu. Mama Chebet, siwezi kuja kuishi na bibi yangu na watoto wangu kwa sababu jamaa wawili wa draft watanicheka.

Niliisema kimoyomoyo mara mbili. Kila mara ilisikika vibaya zaidi.

"Weka chini," nikamwambia Adhiambo.

"Nini?"

"Weka chini hivyo vitu. Ile ya kijani iko wapi?"

Alikaa kwa kitanda, na ndipo akalia. Hapo nikajua kumbe na yeye alikuwa ameshikilia kwa nguvu miezi yote minne.

Ile ya kijani nilirudi nayo Nairobi, niishone niitume kabla shule hazijafunguliwa. Sasa ikabaki Kioko. Na nawaambia ukweli, huyo ndiye nilikuwa namwogopa kuliko wote. Huwezi kukaa mgongo kwa mgongo na mtu miaka minane halafu umwambie kwaheri.

Jumatatu nikafika Kawangware mapema kuliko yeye. Akaja, akafungua kibanda, tukakaa kila mtu mahali pake. Nikasema nikiwa nimeangalia ukuta.

"Kioko, naenda Nakuru."

"Kumleta?"

"Kukaa."

Cherehani yake ikanyamaza. Nikangoja nitukanwe.

"Umeamua mwenyewe, ama umeamuliwa?"

"Nimeamua mwenyewe."

Nikasikia kitu kama kikohozi. Nikageuka. Ndugu zangu, Kioko alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka.

"Asante Mungu," akasema.

"Asante ya nini?"

"Syombua ananiuliza miaka mitano sasa, lini atakuja Nairobi. Anashona vizuri, wewe unajua. Kila nikienda nyumbani namwambia hakuna mahali pa kuweka cherehani ya tatu."

Nilishangaa. "Na mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Inuka, bibi yangu akae hapo? Mama yetu aliniambia nikuangalie. Siku ile ulikuja na hiyo maneno ya transfer, roho yangu iliruka kwa furaha, nikaona aibu. Nikasema huyu ataona kwa uso wangu nataka aende. Ndiyo nikaongea vile niliongea."

"Uliniambia nitaitwa bwana ya nesi!"

"Nilikuwa natafuta kitu kikali."

Nilitaka kumrushia mkasi. Miezi minne mwanangu ananiuliza mama alikosa nini, na huyu alikuwa anaficha furaha! Halafu nikaona vile anajipangusa uso na kipande cha kitambaa cha yunifomu, mtu mzima, na mimi pia nikaanza kucheka. Wateja wawili wakafika wakatukuta hivyo, wakadhani tumelewa.

Tulihama likizo ya mwezi wa nane.

Nisiwaambie ilikuwa rahisi. Mwende alilia mwezi mzima kwa sababu ya marafiki wake wa Kianda. Lile vumbi lilitusumbua, nikawa nafunika vitambaa kama maiti. Na baada ya vile vifurushi saba kazi ilikauka kidogo, nikashona viraka na zipu kwa muda kabla shule za huko hazijanijua.

Lakini jioni ya kwanza sisi wote watano tulikula kwa sufuria moja. Achieng alikuwa ameshaacha kuniona kama mgeni, akanilalia mguuni. Nikasikia mwili wote unalegea. Nilikuwa sijui vile nilikuwa nimekaza.

Hiyo siasa niliyoogopa? Sisemi haikuwepo nchini. Lakini pale kwetu hakuna aliyetugusa. Na jina la bwana ya nesi niliitwa kweli, na wagonjwa waliokuwa wananipenda kwa sababu ya bibi yangu, wakaniletea nguo zao. Wale jamaa wa draft nadhani walinisahau kabla lori halijafika Limuru.

Sasa nilichojifunza, kwa yule mkuu aliyeuliza.

Mimi nilikaa miezi minne nikijibu kwa niaba ya watu ambao sikuwahi kuwauliza. Nilidhani kaka yangu ataumia, sikumuuliza. Nilidhani watoto watapenda kubaki, sikuwauliza. Bibi alinijibu siku ya kwanza, nikajifanya sijasikia.

Kwa hivyo usituulize sisi kwanza kama town ndogo ni nzuri. Zingine ni nzuri, zingine zitakushinda. Kaa na watu wako mezani, uwaulize mmoja mmoja, na useme sababu yako ya kweli kwa sauti mbele yao. Ikikuaibisha kuisema, hapo unajua si sababu.

Walioenda wakajuta nao waseme, tusisikie upande mmoja tu. Na kama kuna mwanaume mwingine hapa alimfuata bibi kwa transfer, ajitokeze asiogope, tuko wengi kuliko tunavyojionyesha.

Mama Mwende amekaa hapa kando anasoma ninavyoandika. Anasema uzi haujakamilika mpaka niseme nani alilia siku lori lilitoka Kianda.

Sawa. Ni mimi.