Santuri za Shangazi Dama

Jirani yangu hapa Kibarani ana tabia ya kuchoma takataka asubuhi, na plastiki ikishaanza kuungua mimi huacha nifanyalo nikakimbilia kufunga madirisha. Wanangu hudhani ni kifua. Si kifua. Harufu ile hunirudisha Gongoni, uani kwa Shangazi Dama, siku walipokuja kumwua.

Shangazi Dama alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane asiyejaliwa mtoto, na kichwa chake kilijaa mvi mapema, jambo ambalo kwetu, ambako mwenye mvi hushukiwa uchawi, si la kuchekea. Miaka mingi alifua nguo katika hoteli moja ya Malindi. Dijei wa disko la pale, Mtaliano mwembamba ambaye shangazi alimtolea madoa ya mvinyo kwenye mashati yake meupe, alipofunga virago kurudi kwao alimwachia mashine ya santuri na kasha zima la santuri zenyewe. Wageni nao walikuwa wakiacha vitabu vyumbani, na shangazi alichukua vile tu vyenye jalada la damu, fuvu, au mlango ulio wazi nusu.

Kila likizo nilipelekwa kwake. Muziki wake ulikuwa wa mitambo mitupu: ngoma isiyochoka, mlio kama wa maji yanayotona ndani ya birika, na kishindo kizito kilichotetemesha vikombe kabatini. Zenye kuimbwa hakuzitaka. "Mwimbaji hukupangia pa kulilia," alikuwa akisema. "Mtambo hukuachia mwenyewe." Vitabu navyo alivichambua. Kinachomwaga damu ukurasa wa kwanza alikiita kitabu cha mchinjaji, akakitupa. Alipenda kile ambacho kitu kibaya kimo ndani ya nyumba siku nyingi, na wenye nyumba wanakula nacho bila kujua.

Alisoma Kiingereza kwa kamusi na kwa ukaidi, kisha alasiri akatusimulia kwa Kiswahili huku santuri ikizunguka taratibu nyuma ya maneno yake. Sisi tulikuwa mimi na Kazungu, mtoto wa kaka wa marehemu mumewe, kijana mrefu wa bodaboda aliyemwita shangazi "mama". Kulikuwa na santuri moja yenye kishindo ambayo Kazungu aliipenda hata akawa anacheza peke yake katikati ya chumba, macho kayafumba, shangazi akimpigia makofi. Hadithi zote alizijua. Zikifika pabaya, yeye ndiye aliyepiga ukelele kwanza, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

Likizo moja, Charo, mtoto wa pekee wa jirani wa shangazi, aligongwa na lori la chumvi akafa papo hapo. Matanga hayakuwa yameanuliwa mnong'ono ulipoanza: kwa nini nyumba ya yule mjane ina mlio usio na mdomo wa mtu?

Walikuja mchana, jua la utosi. Shangazi aliwaona kwanza dirishani. Hakupiga kelele. Alinishika mkono akanisukuma chini ya kitanda, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Hata ukisikia nakuita," akasema, "usitoke."

Mlango ukaanguka kwa teke. Kutoka pale chini niliona miguu tu, mingi, yenye vumbi, na katikati yake nikaziona ndara za manjano nilizozijua. Moyo ukanitulia. Nikajua Kazungu amekuja kutuokoa.

Ndara zikaenda moja kwa moja hadi kwenye rafu.

"Si niliwaambia? Tazameni fuvu hili! Hiki ndicho anachosoma akiwaita mapepo," ilisema sauti ya Kazungu. "Na hii ndiyo ngoma yao." Ilikuwa santuri yake, ile aliyokuwa akiichezea.

"Mutsai!" wakaanza kupiga kelele. Mchawi. Wakamburura shangazi kwa nywele zake nyeupe. Alijikinga uso kwa mkono, panga likashuka, na vidole viwili vikabaki kizingitini. Nilivitazama.

Walipotoka naye nilitambaa hadi dirishani. Santuri na vitabu vilikuwa vimelundikwa uani, Kazungu akivimwagia petroli ya pikipiki yake. Moto ulipolipuka, santuri zilijikunja kama majani, zikadondosha matone meusi yanayowaka. Shangazi alikuwa chini, wanampiga kwa fimbo na mateke, damu imemfumba jicho. Mmoja alikuwa akibingirisha tairi kuelekea kwake. Nilijua la nini.

Ndipo Mama Charo akatokea njiani, miguu mitupu, na kanga yake ya msiba. Alipenya kati yao akamlalia shangazi kifudifudi.

"Mwanangu kaliwa na lori!" alipiga kelele. "Mimi mama yake nimeona alama za magurudumu kifuani! Nani kawatuma mnitafutie muuaji mwingine?"

"Ondoka, mama."

Hakuondoka. Fimbo ikampiga begani, nikasikia mfupa.

"Basi nichomeni naye. Kisha mwende matangani mkawaambie wageni mama wa marehemu yuko wapi."

Aliyeshika tairi aliliachia. Mmoja akageuka, akafuata mwingine, kama watu waliokumbuka kuwa wana kazi kwao. Kazungu aliondoka wa mwisho.

Shangazi alilazwa hospitali Malindi, kisha baba akamleta kwetu Kilifi. Mvua za msimu ule zilipoanza, habari zilifika kwamba shamba lake la kando ya barabara, aliloachiwa na mumewe, limelimwa na baba yake Kazungu. Mimi nilifurahi. Nilidhani wanamlimia mgonjwa.

Hakuna aliyeshtakiwa, kila aliyeulizwa, ati siku ile alikuwa safarini. Shangazi alipopona alianza upya, akasaka vitabu vya mafuvu kwa wauzaji wa mitumba, na muziki ule ule wa mitambo kwenye simu. Baba alikasirika. Shangazi akamwambia, "Ya kitabuni nikichoka nayafunga."

Miaka ilipita. Mama Charo alipofariki, shangazi alisema lazima aende Gongoni, nami nikamsindikiza. Kazungu alikuwepo, mtu mzima sasa, shati jeupe, anagawa viti. Alikuja akainama mbele ya mikeka iliyojaa watu.

"Shikamoo, mama."

Shangazi alimpa ule mkono wenye vidole vitatu na hakumwachia.

"Marahaba, Kazungu. Panga lako lingali kali?"

Mimi, msichana wa sekondari, niliona haya, nikadhani uzee umemvuruga. Sikujua kwamba alikuwa amesubiri miaka yote hiyo kulisema jambo ambalo kila aliyeketi pale alilijua na hakuna aliyelitamka.

Na lingine nimelielewa ukubwani. Wale wengine walikuja kwa woga, na mwenye woga naweza kumhurumia, ingawa kwa taabu. Walimwogopa shangazi kweli. Kazungu alikuwa peke yake kati yao aliyejua kwamba zile zilikuwa hadithi na ile ilikuwa ngoma ya kuchezwa, na yeye ndiye aliyewasha kiberiti.