Jina Lililogomewa na Ruta

"Tii," kompyuta ilikataa tena. Msimamizi wa chumba cha intaneti pale Ikungi alikuwa akifungua ukurasa wa kuthibitisha nafasi ya chuo ya binti yake, na mwisho ulikuwa saa kumi jioni hiyo hiyo. Kurasa nyingine zote zilifunguka.

Akampigia fundi aliyeko mjini, akaweka spika, akamwambia kuna ukurasa mmoja umegoma.

"Shikamoo mzee. Jana nilizuia kamari kwenye ruta yako, hicho kifaa kinachogawa intaneti, si vijana walizidi kubeti? Niliandika nukta na nyota, kisha 'bet', kisha nukta na nyota. Yaani anwani yoyote yenye 'bet', popote ilipo, inakataliwa. Nisomee hiyo iliyogoma."

"Mwishoni ina jina la binti yangu."

"Lipi?"

"Mimi humwita Bibi. Amepewa jina la mama mkwe wangu, na kwetu jina la mkwe halitamkwi."

"Sasa mzee, nitaruhusuje nisichokijua?"

Nikiwa kwenye foleni, nilimwona akitazama saa ya ukutani, kisha mlango, kana kwamba mkwe angeingia. Ruta haina mkwe. Yenyewe inasoma herufi tu. Akakinga mdomo kwa kiganja, akanong'ona:

"Elizabeti."