Siku Nilipokata Paa Mbele ya Mama Mkwe

Heri niseme mwenyewe, kwa sababu hapa Kapsoit, Kericho, kisa hiki tayari kinasimuliwa kwa namna kadhaa, na katika mojawapo nasikia nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimevaa suti, nimefunga tai, na akili zangu zote zilikuwa kichwani, jambo ambalo ndilo linaloniumiza zaidi, maana mlevi angalau ana cha kusingizia. Kama ningeweza kuifuta siku moja tu katika maisha yangu, nisingefuta siku niliyoanguka mtihani wala siku niliyofukuzwa kwenye kwaya. Ningefuta Jumamosi ile.

Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa wa figo. Damu yake ilihitaji kusafishwa kwa mashine kila wiki, mara mbili, na kwao ni mbali, huko chini kabisa ziwani, upande wa Karungu, kwa hivyo kila safari ya kuja hospitali ya huku ilimrudisha nyumbani akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Mke wangu Rose alikuwa amekonda kwa ajili yake. Ilikuwa wazi kwamba mama lazima aishi karibu na hospitali, na aliye karibu na hospitali ni sisi.

Sasa, kwa wasiojua: sisi Wajaluo, mama mkwe haruhusiwi kulala katika nyumba ya mume wa binti yake. Anaweza kuja kututembelea, akala, akanywa, akacheka kidogo (kidogo sana), lakini jua likielekea kuzama anatafutiwa pa kulala kwingine. Mimi nimesoma, nafundisha chuoni, hata nimewahi kuandika makala ndefu kuhusu mila zinazobadilika na zisizobadilika, makala ambayo nadhani ilisomwa na mimi na mhariri, na mhariri sina hakika. Kwa hivyo nilijua la kufanya. Nitaongeza chumba. Chumba chenye msingi wake, kuta zake, mlango wake na choo chake, pale upande wa chini wa nyumba ambapo ardhi inateremka kuelekea kwenye shamba la majani chai. Kitakuwa nyumba ya mama, si nyumba yangu.

Nikamtafuta kontrakta, Bwana Langat, mtu wa hapa hapa, mwenye kofia ya kazi safi ambayo sikuwahi kuiona ikipata vumbi. Alipima, akasimama, akatazama mawingu.

"Mwalimu," akasema, "hii Kericho unaijua. Saa nane mvua, saa tisa mvua. Huyu mama mgonjwa atakuwa anatoka chumba yake kuja kwenu kula, anapigwa na mvua, anateleza. Wacha nikuambie kitu. Hapa katikati tunaweka veranda ya mbao, imeinuka juu ya nguzo, anakaa hapo anaangalia majani chai. Halafu mabati tunashusha moja kwa moja kutoka kwa paa yako, inapita juu ya veranda, inafunika chumba ya mama. Hata tone moja halimguzi. Itakaa kama hoteli."

Neno hoteli liliniingia. Ningeweza kusema acha nifikiri. Ningeweza kumpigia simu mzee mmoja huko kwetu. Badala yake nikasema, "Safi kabisa," na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, ingawa lilinichukua muda kutumbukia.

Rose alipouona mchoro aliniuliza swali moja tu. "Baba Atieno, umemwuliza Mama?"

"Nimwulize nini? Mwache apumzike. Itakuwa zawadi."

Akanitazama kwa muda, kisha akarudi jikoni. (Tumeishi pamoja miaka mingi. Ninajua maana ya kurudi jikoni kwa namna ile, nami nilijifanya sijui.)

Kazi ilikwenda vizuri, lazima nikiri. Mbao zilikuwa kavu, misumari ilikuwa imenyooka, veranda ilining'inia juu ya majani chai kama kiti cha mfalme, na mabati mapya yalishuka kutoka kwangu mpaka kwa mama bila kukatika popote. Niliyapenda mno. Nikaalika watu. Huu nao ulikuwa ujinga wangu peke yangu, hakuna kontrakta aliyenishauri: nikamwalika mchungaji aje abariki, nikawaalika majirani, nikamwalika Langat mwenyewe ashukuriwe mbele za watu, na wakwe wakaja na mgonjwa kwa gari la kukodi, wakiongozwa na Mzee Okech, mdogo wa marehemu baba mkwe, mtu mwenye fimbo na sauti.

Mama alishuka polepole, Rose akimshika mkono. Alikuwa amepungua sana. Miguu ilikuwa imevimba na uso umekuwa wa rangi ya majivu, na nilipomwona nilisahau kidogo hotuba niliyokuwa nimeiandaa. Nikamsalimu kwa mbali, nimeinama, kama inavyopasa. Akaitikia. Kisha akasimama pale uani akaangalia.

Hakuangalia veranda. Aliangalia juu. Macho yake yalianzia kwenye dirisha la chumba chetu cha kulala, yakapanda kwenye mabati, yakayafuata taratibu juu ya veranda mpaka yakafika juu ya mlango wake mpya. Halafu akarudi mwanzo akayafuata tena.

"Rose," akasema, "mvua ikinyesha juu ya kitanda chenu, maji yanapita wapi?"

 Hakukuwa na haja ya jibu, kwa sababu gata yenyewe, mfereji wa maji ya paa, ilionekana, mpya, inang'aa, imetoka kwetu na kuishia kwake.

"Yaani maji ya kitanda cha binti yangu na mume wake yapite juu ya kichwa changu nikiwa nimelala," mama akasema, bila hasira yoyote. "Hii si nyumba mbili. Hii ni nyumba moja ina milango miwili. Okech, nirudishe garini."

 Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikapanda verandani na kuanza kufundisha. Nikaeleza kwamba msingi umechimbwa mbali, kwamba kuta hazigusani, kwamba paa ni kifuniko tu kama mwavuli, na watu wawili wakisimama chini ya mwavuli mmoja hatusemi wamelala pamoja (hapa mchungaji alikohoa), na kwamba mila lazima ieleweke kwa roho yake.

"Msomi wetu," Mzee Okech akasema, ameegemea fimbo, "tunakusikia. Sasa tuonyeshe tu, wewe unalala upande gani?"

Nami, kwa kuwa nilikuwa katikati ya kuthibitisha hoja, nikanyoosha kidole. Nikaonyesha dirisha, nikaonyesha hata kitanda kilipoegemea ukuta, mbele ya mama mzazi wa mwanamke ninayelala naye. Kuna mtu alisema "Aaai!" kwa sauti ya chini. Nikashusha kidole lakini kilikuwa kimeshaonyesha.

Mama Chebet, jirani yetu, mwanamke mwema aliyekuwa ameleta maziwa ya mursik kwenye kibuyu, akajaribu kutuokoa. "Hata sisi Wakipsigis mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, sembuse hii. Mama, njoo ulale kwangu, ni hapo chini tu."

"Asante, mama," mgonjwa akajibu. "Lakini mimi usiku natapika. Mtu wa kutapika hapelekwi kwa watu. Nitarudi kwangu."

"Na Jumatatu?" Rose akauliza.  "Mama, Jumatatu ni mashine. Ukirudi leo, Jumatatu hutaweza kuja. Unajua hutaweza."

 Wote tulijua maana ya kukosa mashine. Mara ya mwisho alipoikosa walimbeba kwa blanketi. Rose akageuka akanitazama, na natamani angenitukana.

Langat ndiye aliyeingilia. "Mwalimu, kama shida ni paa, paa inakatwa. Niko na msumeno kwa gari. Tunatoa kipande hapa katikati, kila mtu anabaki na paa yake."

Mzee Okech akamtazama mama, mama akaitikia kwa kichwa: angesubiri aone. Wakamletea kiti, wakamweka uani na shuka mabegani. Mngurumo wa radi ulikuwa umeshaanza upande wa msituni.

Langat akapanda. Na mimi nikapanda. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka wakwe waone kwamba nakata kosa langu kwa mikono yangu mwenyewe, na nilipanda na suti na viatu vya ngozi, watu wakiniambia shuka, Mwalimu, shuka, nami nikijibu kwamba niko sawa. Langat akakata, mimi nikashika mabati yasiwaangukie watu, mvua ikafika, na kwa muda mfupi, lazima niseme, nilijisikia mwanamume. Kisha kipande kikaachia, nikabaki nimeshika bati lisiloshikiliwa na kitu, na mimi na bati tukaanza kuteremka.

Nilikwenda kwa makalio, polepole kwanza halafu si polepole, na kwenye ukingo msumari mmoja ulinishika suruali nyuma. Mimi niliendelea na safari. Suruali ilipasuka kutoka mkandani mpaka gotini, na nguo ya ndani, ambayo kwa umri wake ilistahili kustaafu, haikunisaidia kwa lolote. Nikaangukia rundo la mchanga uliobaki kwenye ujenzi, nikiwa mzima wa mifupa, kifudifudi, na sehemu yangu ambayo mama mkwe hapaswi kuiona mpaka kiama ikiwa imeelekezwa kwake, hatua chache kutoka kwenye kiti.

Nilipoinua kichwa, wote walikuwa wamenipa mgongo. Mchungaji, kina mama wa kanisa, majirani, wakwe, Langat huko juu ya paa: kila mtu alikuwa amegeuka akitazama majani chai, kwa utulivu mkubwa, mvua ikiwapiga, kama watu waliokuja kukagua mavuno. Hakuna aliyecheka. Kicheko ningekivumilia. Rose alikuja mbio akanifunga leso yake kiunoni, akalikaza fundo mara mbili, kwa sababu yeye alishaelewa kabla yangu. Paa lilikuwa kosa la kukatwa kwa msumeno. Hili lingine halina msumeno. Mama mkwe akiuona uchi wa mume wa binti yake, hiyo ni chira, laana, na hawezi kukanyaga boma lile tena mpaka mambo mengi yafanyike, na mambo hayo hayangefanyika kabla ya Jumatatu.

Mzee Okech alijua hivyo. Akageuka polepole, fimbo mkononi, na sauti yake safari hii haikuwa ya kunikejeli. Akamwuliza mama kama inavyotakiwa kuuliza, mbele ya mashahidi.

"Min Rose, umeona?"

Nilikuwa nimesimama na leso yenye maua, mchanga umejaa mdomoni, na sikuthubutu kumtazama. Nilisikia mvua ikigonga mabati ya upande wangu, kisha mabati ya upande wa pili.  Lazima niwaambie kwamba mama huyu hajawahi kusema uongo, si mbele yangu wala mbele ya wengine. Kwao wanamwogopa kwa sababu hiyo.

"Okech," akasema, "mimi ni mtu mgonjwa. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Niliona majani chai tu. Yamestawi."

Mzee Okech akamtazama. Akatazama majani chai. "Kweli," akasema, "yamestawi," na watu wote pale uani wakakubali, mmoja baada ya mwingine, kwamba chai ya mwaka huu imestawi sana.

Kisha mama akasimama, akakataa mwavuli wa Rose, akapanda verandani akishika reli ya mbao. Pale katikati, ambapo paa lilikuwa limekatwa, alisimama akainua uso, mvua ikamwagikia kichwani na mabegani, akaiacha imwagike, akaangalia mbingu iliyokuwa kati ya nyumba yangu na yake. Akavuka. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Jumatatu Rose alimpeleka hospitali, na Alhamisi tena, na yuko hapa mpaka leo, anapungua na kuongezeka kama wagonjwa wa namna ile wanavyofanya. Langat alitaka kuweka kitu cha plastiki pale kwenye pengo, kitu kinachopitisha mwanga, nikamwambia asithubutu. Uji wa mama unafika na matone mawili matatu ya mvua ndani yake, naye hajawahi kulalamika.

Wala sijawahi kumwuliza alichoona. Tunasalimiana asubuhi kwa mbali, nimeinama, naye huniitikia huku akitazama pembeni, na kuna siku nadhani mdomo wake unataka kucheka na mwenyewe anauzuia. Ninachojua ni kwamba mwanamke mgonjwa alichukua ukweli wake wa maisha yote akafunika nao uchi wangu, na mimi, mwenye makala, sikuwa hata na akili ya kumwuliza alitaka alale wapi. Tangu siku hiyo simjengei mtu hata banda la kuku kabla ya kumwuliza mwenye kulala humo. Na juu ya paa, wakwe wakiwa uani, sipandi tena, hata nyumba ikishika moto.