Mzee Gramu na Abiria Wake

Siku alipozikwa Mzee Gramu, Mungu amweke mahali pema, waombolezaji walikuwa wa aina mbili na hawakujuana. Upande mmoja walikaa wenye maduka, wauza nyama na wauza nafaka. Upande wa pili walikaa watu waliokuja na magari madogo yenye ngurumo kubwa, nao kwa adabu waliyaegesha mbali wakayazima mapema. Muuza nyama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Hawa nao ni jamaa wa marehemu?"

"Hawa ndio waliokuwa wakishindana naye mbio za magari."

"Mbio? Mzee Gramu huyu huyu? Aliyekuwa akiingia dukani kwangu polepole kama anaogopa kuamsha mtoto?"

Ndiye huyo huyo.

Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa mizani. Kila siku ya kazi alizunguka madukani na sokoni na mawe manne ya chuma, kila moja kilo ishirini kamili. Aliyapanga juu ya mizani ya mtu, akainama, akasoma. Mizani ikisema kweli, aligonga muhuri na kuaga. Ikisema uongo, hata wa kijiko kimoja cha sukari, aliibandika lebo nyekundu, na hapo ungelia, ungeapa, ungemtajia baba yake mzazi, lebo haitoki mpaka mizani itengenezwe. "Mungu anaona hadi gramu," alikuwa akisema. Ndipo watu wakampa jina hilo, na kwa kuwa lilikuwa jina la heshima kuliko alivyodhani aliyelitunga, akalikubali.

Mawe hayo aliyabeba kwenye buti la gari lake, gari dogo jeupe la milango mitatu. Ndilo lililompeleka kazini, kwenye ibada, hospitalini watoto walipougua, na ndilo lililomtoa binti yake mkubwa siku ya harusi. Ukilitazama kwa juu lilikuwa gari la mtu mpole. Chini yake kulikuwa na mambo mengine: springi fupi na ngumu, tairi pana, na breki ambazo fundi wa gereji alisema zingesimamisha lori.

Fundi huyo ndiye aliyemwingiza katika mchezo, tena kwa kejeli. Mizani yake ya gereji ilikuwa imebandikwa nyekundu, akamwambia, "Wewe unayeona makosa ya wenzako, njoo Jumamosi uwanjani tuone ya kwako." Uwanja wenyewe ulikuwa lami pana mbele ya maghala yaliyofungwa zamani. Huko hupangwa koni za plastiki, na gari moja moja hupita katikati yake likikata kona huku na huku mpaka mwisho. Hakuna kupitana wala kugongana. Adui ni saa. Ukiangusha koni moja, unaongezewa sekunde mbili. Kila dereva hupewa mizunguko minne, na mzunguko wake bora ndio unaohesabiwa.

Siku ya kwanza Mzee Gramu akawa wa mwisho. Akamshukuru fundi, akarudi nyumbani, na mwezi uliofuata akarudi uwanjani. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Aliendelea hivyo kwa miaka tisa, akipanda nafasi moja moja kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani, mpaka akafika wa pili. Hapo akakwama, maana wa kwanza alikuwa Daktari wa Meno, na Daktari wa Meno alikuwa hashindiki.

Aliyekuwa haufurahii mchezo huo ni mkewe, fundi cherehani, mwanamke mwenye maneno yaliyokatwa kwa mkasi. Kila mara gari lao lilipopita kwenye tuta, mgongo wake ndio uliolipokea. Asubuhi moja kwenye chai akaweka kikombe chini.

"Baba watoto, mwaka huu zimebaki Jumamosi ngapi za hayo mambo yako?"

"Moja tu. Ya mwisho."

"Basi sikiliza. Ukishinda, sitasema neno tena, nitavunjika mgongo kimya kimya. Usiposhinda, unarudisha springi za zamani, tunapanda gari la watu. Si gari la kusaga nafaka."

Mzee Gramu alifikiri kidogo. "Nimekubali."

"Umekubali kweli? Kwa ulimi wako?"

"Kwa ulimi wangu."

Hakulala kwenye ahadi hiyo. Wiki hiyo hiyo alifunga springi mpya za nyuma, ngumu kuliko zote, na kwa wiki tatu alizijaribu kila siku akienda kazini. Alipunguza upepo wa tairi, akaongeza, akakata kona ya njia ya sokoni, akasikiliza, akaandika kwenye kijitabu. Kufikia Ijumaa gari lilikuwa limetulia barabarani kama chuma cha pasi kwenye kitambaa.

Jumamosi mkewe naye akaja uwanjani, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. "Nimekuja kushuhudia haki ikitendeka," alisema, akafungua kiti chake cha kukunja, akaketi na chupa yake ya chai. Mzee Gramu akatoa vitu vyote garini kama kanuni inavyotaka: jeki, tairi la akiba, mazulia, na yale mawe manne. Aliyapanga mawe mbele ya kiti cha mkewe, naye akayawekea miguu.

Kisha alitembea njia yote kwa mguu, koni kwa koni, akinong'ona kona zake kama mtu anayesali. Na pengine alikuwa anasali kweli.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa aibu. Kwenye kona ya tatu sehemu ya nyuma ya gari iliruka, ikateleza, na gari likageuka likatazama lilikotoka. Watu wakaguna. Mzunguko wa pili alikwenda kwa tahadhari, na bado nyuma ikarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ikafagia koni mbili. Daktari wa Meno alikuwa tayari na sekunde arobaini na nane nukta tatu sifuri. Mzee Gramu alisimamisha gari karibu na mkewe, akashuka, akashika kiuno.

"Sielewi. Jana lilikuwa limetulia."

Mkewe alimimina chai. Alikuwa ameingojea siku hiyo, na sasa ilipofika haikuwa na ladha aliyoitegemea. Uso wa mumewe ulikuwa umesinyaa.

"Mbona nyuma inacheza hivyo?" akauliza. "Nikipanda mimi twende sokoni haichezi."

"Tukienda sokoni..." alianza Mzee Gramu. Macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye miguu ya mkewe, na chini ya miguu, kwenye mawe. Kilo themanini. Wiki tatu nzima alikuwa amelipima gari likiwa na kilo themanini nyuma. Yeye, mtu wa uzito, aliyewafundisha nusu ya wenye maduka kwamba kwanza unahakikisha sahani haina kitu.

Akaangua kicheko mpaka akainama.

"Una wazimu?"

"Nimejibandika lebo nyekundu, mama watoto! Mawe! Nimesahau mawe!"

"Basi yarudishe."

"Kanuni hairuhusu. Kitu kinachoweza kuruka ndani ya gari hakiingii." Akamtazama mkewe, akatazama kiti cha nyuma, akamtazama tena mkewe kwa jicho lile lile alilotumia madukani.

"Usithubutu," mkewe akasema.

"Sijasema kitu."

"Miaka thelathini na moja hujawahi kuniuliza uzito wangu, na leo hutaanza. Huo ni kati yangu na Muumba wangu."

"Sikuulizi. Nauona."

"Ee Mungu, nipe subira na mwanamume huyu."

Walikwenda wote wawili kwa msimamizi wa mashindano, mwalimu mstaafu aliyevaa filimbi shingoni kama bado yuko darasani. Akafungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akasoma. Abiria mmoja mtu mzima anaruhusiwa, sharti mkanda na helmeti.

"Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuomba," alisema. "Abiria ni mzigo, anapunguza mwendo. Una hakika, Mzee Gramu?"

"Mimi siyo mzigo," mkewe akadakia. "Mimi ni jiwe la mizani. Leteni hiyo helmeti."

Hapo ndipo Mzee Gramu alipomvuta kando. "Mama watoto, unajua nikishinda ahadi inakugeukia wewe. Utaendelea kuumia mgongo."

"Najua kuhesabu."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuja kukuona ukishindwa na watu. Sikuja kukuona ukishindwa na springi. Ingia."

Mzunguko wa tatu mkewe alipiga kelele kutoka koni ya kwanza hadi ya mwisho. Aliita malaika, aliita marehemu mama yake, akamwita mumewe majina ambayo watoto hawakuwahi kuyasikia. Lakini nyuma ya gari ilitulia. Haikuruka hata mara moja. Sekunde arobaini na tisa nukta moja, na koni zote zimesimama.

Ukabaki mzunguko mmoja. Uwanja mzima ulikuwa umesogea karibu. Hata fundi wa gereji aliacha kula. Bendera ikashuka. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu ile ya aibu, gari likapita kama uzi kwenye tundu la sindano. Mkewe hakupiga kelele tena. Walipofika sehemu iliyonyooka, ikasikika sauti kutoka kiti cha nyuma:

"Kanyaga, baba watoto! Unamsubiri nani? Kanyaga!"

Akakanyaga.

Msimamizi alitazama saa, akaitazama tena, kisha akasoma kwa sauti: arobaini na nane nukta tatu sita. Mzee Gramu alikuwa wa pili kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho.

"Soma tena!" mkewe akafoka, helmeti bado kichwani. "Hiyo saa yenu imekaguliwa na nani?"

"Niliikagua mimi," Mzee Gramu akasema taratibu. "Mwezi uliopita. Inasema kweli." Akavuka uwanja, akampa mkono Daktari wa Meno.

Siku ya pili, baada ya ibada, mkewe alitoka nje akakuta gari limeinuliwa na miguu ya mumewe imechomoza chini yake. Springi mbili za zamani zilikuwa zimelazwa kwenye gunia.

"Unafanya nini huko?"

"Narudisha gari la watu."

"Nani kakutuma?"

"Wewe. Kwenye chai."

"Nilikuwa natania."

"Ulikuwa umenuna."

Mkewe akachuchumaa. "Basi nimefuta. Mgongo ni wangu, nimeusamehe. Acha hizo springi."

Mzee Gramu akajivuta akatoka, uso umejaa vumbi. Hakuwa na hasira. "Nilitoa neno kwa ulimi wangu. Nikilipunguza kwa sababu limenibana mimi, kesho nitainamia mizani ya mtu kwa uso gani?"

Alikuwa hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Angeweza kukusamehe wewe uzito wote wa dunia, lakini hakujisamehe gramu moja. Mkewe akaokota springi moja ya zamani, akaigeuzageuza mkononi.

"Na hili gari likiwa laini, watatukataza kushindana?"

"Hawatukatazi. Ila tutakuwa nyuma."

"Tutakuwa?"

"Wewe si ndiye jiwe?"

Akakunja mikono ya gauni lake la ibada, akakinga kiganja. "Nipe hizo nati nizishike. Wewe hukawii kupoteza vitu."

Mwaka mpya ulipoanza, gari jeupe lilipita uwanjani likiyumba kila kona kama kitanda cha kamba, na wao wawili ndani wakicheka. Walikuwa wa kumi na saba kati ya ishirini. Mkewe akashuka, akavua helmeti, akaenda moja kwa moja kwa wale watatu waliokuwa nyuma yao, akawauliza wana shida gani.